Kodi Niliyoipanda Kwenye Maua ya Kahawa

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na siku yenyewe haikuwa na ngoma wala kilio. Nilikuwa nimekaa dukani kwangu pale Nyakahanga, mvua ya vuli inapiga mabati, nimeshika fomu ya VAT ya mwezi uliopita na kalamu ya buluu. Penye mstari wa mauzo nikaandika sifuri. Mwezi huo nilikuwa nimeuza bati na saruji hadi mabega yananiuma. Ile sifuri ndiyo iliyokula nusu ya kibanja cha mama mkwe wangu, na nitakueleza ilivyokula.

Nasikia na wewe umefungua duka, hongera. Nasikia pia unasema mambo ya VAT ni ya matajiri wa Mwanza, utayajua ukifika huko. Hivyo hivyo ndivyo nilivyosema mimi, kwa mdomo huu huu. Basi kaa kidogo, simu iweke pembeni, haitakimbia.

Mimi niliolewa Karagwe nikitokea Muleba. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mshahara wake unafika tarehe ishirini na tano na kuisha tarehe ishirini na sita. Mimi sikuwa mpole. Nilianza na kuuza misumari kwa kilo, nikapanda kwenye rangi, nikafika kwenye bati. Miaka ile watu walikuwa wanaacha nyasi, kila aliyevuna kahawa anataka nyumba inayong'aa. Wakaniita Mama Bati. Nilikuwa sijafika miaka thelathini na mitano na nilishajiona nimemaliza dunia.

Tuliishi kwenye kibanja cha mama mkwe, mwendo wa nusu saa kutoka dukani. Kama umekulia mjini huenda hujui uzito wa neno hilo. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, lakini si shamba tu. Ndani yake ndimo tunamozika watu wetu. Baba mkwe alilazwa upande wa chini, karibu na barabara, na pembeni yake paliachwa nafasi ya mke wake. Mama alikuwa anapalilia pale kila Jumamosi, pale kwenye kaburi na pale kwenye nafasi yake mwenyewe, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetandika kitanda. Mtu wa huku huuza ng'ombe, huuza baiskeli, akibanwa sana huuza hata mlango wa nyumba. Kibanja hauzi.

Sasa VAT iliniingia hivi. Alikuja mkandarasi anayejenga madarasa, akataka bati nyingi, akasema hanunui kwangu bila risiti ya VAT. Na kweli mauzo yangu yalikuwa yameshavuka kiwango cha kusajiliwa, nilikuwa najifanya sijui. Nikasajiliwa. Wakatuita kwenye semina, wafanyabiashara kama arobaini, tukakaa kwenye ukumbi. Mimi nikakaa nyuma kabisa na karanga zangu. Alisimama binti mmoja wa ofisi ya kodi, mdogo kuliko mimi, akaeleza taratibu sana. Akasema, "Mama zangu, baba zangu, kodi hii hailipwi na ninyi. Anailipa anayenunua. Ninyi mnaishika tu, mnaileta." Mzee mmoja akainua mkono kuuliza posho ya kuhudhuria itatolewa saa ngapi, ukumbi mzima tukacheka. Kilichobaki kichwani kwangu kutoka semina ile ni kicheko hicho.

Nikuambie alichosema, kwa kuwa mimi nilikuja kukielewa kwa viboko. Ukinunua bati kwa mwenye duka la jumla, ndani ya bei yake kuna kodi, tuseme elfu tatu. Ukiliuza bati lile kwa bei yako, ndani yake kuna kodi aliyokulipa mteja, tuseme elfu nne. Kwenye elfu nne unatoa elfu tatu uliyokwisha kulipa kule, kama risiti yake halali unayo, unapeleka elfu moja inayobaki. Ile thamani uliyoiongeza wewe ndiyo inayotozwa. Faida yako haijaguswa hapo. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne, mume wangu alikuwa anaifundisha.

Lakini mimi nilikuwa na droo moja. Hela ya bati, hela ya kodi, hela ya unga wa nyumbani, zote zinalala humo pamoja. Na hela zikilala pamoja hazina majina. Mwisho wa siku nafungua droo naona imejaa, nasema Mungu amebariki.

Halafu ikaja butura. Butura huenda umeisikia, ingawa siku hizi watu wanaisema kwa sauti ya chini. Kahawa ikiwa bado maua, mkulima ana shida, mwenye hela anainunua kahawa ile ile ya maua kwa bei ya kutupa, na ikiiva anaichukua. Serikali imeikataza tangu zamani, na sisi tuliifanya tangu zamani. Mtu wa kwanza kuniletea butura alikuwa Zakaria, mkulima wa Mabira, siku hizo Kyerwa haijawa wilaya. Mke wake alilazwa hospitali, amepasuliwa, na yeye alikuwa ametembea kwa miguu. Alisimama mlangoni kwangu amevua kofia.

"Mama, nina miti ya kahawa inatosha magunia matatu," akasema. "Imechanua vizuri. Unipe chochote."

Nikampa bei ya gunia moja, tena si zima. Na moyoni, mwanangu, nilijiona msamaria. Nilimpa na soda.

Hela niliyompa ilikuwa ya nani? Nilifungua droo nikachota. Ilikuwa kodi ya mwezi ule, aliyonilipa mkandarasi wa madarasa kwa ajili ya serikali. Nikapiga hesabu yangu: sasa ni vuli, kahawa inaiva kuanzia Mei, nitaiuza mara tatu ya nilichotoa, kodi nitailipa yote kwa mkupuo, na faida itabaki. Habari za Mama Bati kununua maua zikaenea, wakaja wengine, wa Mabira, wa Kihanga, kila mmoja na msiba wake au karo yake. Nikawa nachota. Fomu ya mwezi ikija, nitaandika nini na hela imeshakuwa maua? Nikaandika sifuri. Mwezi uliofuata ikaandikika kwa urahisi zaidi. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini mwenye tamaa huwa hageuki.

Mume wangu aliniuliza mara moja tu. "Mama Alinda, ile kodi unapeleka?" Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye afundishe watoto, duka aniachie. Najuta sauti niliyotumia siku hiyo kuliko hata maneno yenyewe. Hakuuliza tena.

Mei ikafika. Mwaka ule bei ya kahawa ikapanda, na viongozi wakapita vijijini kukaza marufuku ya butura, kila mtu apeleke kahawa yake chama cha msingi cha ushirika. Wengi niliowapa hela sikuwaona tena. Nikipita Kihanga kwa bodaboda naona mtu anaingia migombani. Ningeenda kumshtaki wapi? Ningemwambia hakimu nini, kwamba nilinunua kwa bei ya wizi kitu kilichokatazwa, kwa hela isiyo yangu? Zakaria peke yake alikuja. Aliweka hela juu ya meza, ile ile niliyompa, haikuongezeka wala kupungua.

"Hela yako hii hapa, mama," akasema. "Kahawa nimepeleka chamani. Unisamehe, na mimi nimekusamehe."

Nilikasirika, unajua? Nilimtukana mtu yule mpaka akatoka. Ilinichukua miaka kuelewa alikuwa amenisamehe kitu gani.

Barua za ofisi ya kodi zilikuwa zimeanza. Yule mkandarasi alikuwa amepeleka risiti nilizomwandikia, adai kilicho chake kama sheria inavyomruhusu, na risiti zile zikasema nilichouza. Kwenye fomu zangu hakuna, kwenye risiti zangu kipo. Wakati ule tuliandika risiti kwa mkono na kugundulika kulichukua miezi. Siku hizi mashine inapeleka habari kabla mteja hajafika barabarani, sasa wewe jaribu.

Barua ya kwanza niliisoma nikaona imeniomba nifike ofisini nieleze. Ya pili niliisoma nusu. Ya tatu sikuifungua. Niliziweka nyuma ya makopo ya rangi, nikawa nauza rangi za makopo ya mbele tu, ili nisizione. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha kwenye makopo ya rangi. Ndani ya barua ile ya tatu, nilikuja kuambiwa baadaye, kulikuwa na siku nilizopewa za kupinga hesabu yao au kuomba nilipe kidogo kidogo. Siku zile zikaisha nyuma ya makopo.

Walipokuja walikuwa watatu, na mmoja ni yule yule binti wa semina. Akaniamkia shikamoo. Hakuwa na dharau, wala hakufurahi. Akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuja? Ungekuja mapema tungepanga." Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi. Wakafunga duka, na kufuli lao likawa jipya kuliko yangu yote. Watu waliokuwa wananiita Mama Bati wakasimama ng'ambo ya barabara wanatazama, na nikaingia nyumbani kwa njia ya migombani kama nilivyoona wadeni wangu wakifanya.

Deni lilikuwa kodi yenyewe, na riba yake, na adhabu ya kusema uongo kwenye fomu. Mzigo wa dukani ukauzwa, haukutosha. Pikipiki ikauzwa. Mume wangu akakopa kwenye chama cha walimu mpaka mwisho wa uwezo wake. Bado. Lililobaki mbele yangu ni mahakama, na Alinda wangu alikuwa na miaka mitatu.

Ndipo mama mkwe akatuita. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. Alitaka nimweleze mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu Kinyambo changu kilikuwa cha kuchechemea. Nikamweleza yote, droo, maua, barua. Akamenya ndizi nyingine, na nyingine, mpaka nikaanza kutamani anitukane.

"Nilipokuwa msichana," akasema mwishowe, "nilikuwa nabeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kupeleka kwa wakwe wa kaka yangu. Kutoka kwetu Kihanga, mlima kushuka, mlima kupanda, jua kali. Kibuyu kimefungwa kwa jani la mgomba tu. Ningeonja nani angejua? Sikuonja hata siku moja. Si kwamba sikuwa na kiu."

Akamgeukia mwanawe akasema, "Uzeni upande wa barabarani. Huo ndio wanaoutaka watu."

Mume wangu akasema, "Mama, baba yuko huko."

"Najua aliko. Mimi ndiye niliyemlaza."

Ukoo ulikaa kikao, kama desturi inavyotaka, ndugu wapewe nafasi kwanza ya kununua. Hakukuwa na mwenye hela. Walimtazama mume wangu, mtoto mkubwa wa kiume, na hakuna aliyenitazama mimi, maana mke huzungumziwa kupitia mumewe. Yeye ndiye aliyebeba aibu yangu mbele ya baba zake wadogo. Tangu siku ile hakusimama tena kusema kitu kwenye kikao cha ukoo, hata cha harusi. Mnunuzi alipatikana, mtu wa mbali, muungwana tu. Alikubali kaburi lisiguswe na familia iwe inaingia kupalilia. Iliandikwa, tukaweka vidole. Nikalipa serikali kilicho chake mpaka mwisho. Duka halikufunguka tena. Nikarudi kuuza misumari kwa kilo, sokoni, juu ya turubai.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo na hakunikumbusha hata mara moja. Bora angenikumbusha. Kila Jumamosi alibisha hodi kwenye shamba la mtu ili apalilie kaburi la mumewe, na ile nafasi ya pembeni akaacha kuipalilia. Nilimwona akiacha. Pakaota nyasi, na baadaye mwenye shamba akapanda maharage, haki yake.

Alipofariki mume wangu alikwenda kwa yule mnunuzi, amevua kofia, amesimama mlangoni. Aliomba mama alazwe pembeni ya baba. Yule bwana alisikitika kweli, alituletea na mchele wa matanga. Lakini akasema, "Mwalimu, maandishi yetu yanataja kaburi moja. Leo nikiruhusu la pili, kesho watoto wangu watakuta la tano." Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Tukamlaza upande wetu, karibu na mpaka kadiri ilivyowezekana. Kati yao kuna mstari wa mulamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha shamba la nani linaishia wapi. Ni hatua tisa kutoka kwa mama mpaka kwa baba. Nimezihesabu mara nyingi. Waliishi kwenye nyumba moja miaka arobaini na sasa wametenganishwa hatua tisa na kodi ya bati, na aliyewatenganisha ndiye mimi ninayezungumza nawe. Mume wangu naye amewafuata mwaka juzi, yuko upande wa mama. Mwisho wa mwaka wajukuu wakirudi kutoka mijini wananiuliza kwa nini babu yao mkubwa yuko kwa jirani. Alinda ndiye anayewajibu, mimi hutoka nje.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu wananiuliza maswali. Kwa hiyo nisikilize kwa makini, haya ndiyo niliyokuitia.

Hesabu mauzo yako ya mwaka mzima kwa ukweli. Leo ninapokuambia haya, yakifika milioni mia mbili unatakiwa kusajiliwa VAT, lakini viwango hivi hubadilika, bajeti ikishapita nenda ukaulize, kuuliza si ujinga. Ukiwa bado hujafika, usimtoze mtu VAT, maana huna ruhusa ya kuishika. Usiwe na ujanja wa kuligawa duka moja kwa jina lako na jina la mama yako ili uonekane mdogo, utamwingiza mzee wa watu kwenye shimo asilolichimba. Uza mkungu wa ndizi ulioutoa shambani, huo hauna VAT, lakini bati na saruji zinayo, na kila bidhaa ulizia yake. Ukishasajiliwa, toa risiti hata kama mteja anasema haihitaji, dai risiti unaponunua, na uzitunze kama cheti cha ubatizo. Kila mwezi kabla ya tarehe ishirini peleka hesabu ya mwezi uliopita. Kama kweli hukuuza kitu, sifuri ni jibu halali. Kama umeuza, andika ulichouza hata kama hela ya kulipa huna, maana deni linazungumzika na uongo hauzungumziki. Kodi uliyokusanya itenge siku ile ile, iwe na mahali pake, na jirani akija na msiba msaidie kwa hela yako. Ikiwa yako haitoshi, mwambie haitoshi. Na barua ikija ifungue uisome mpaka sahihi ya chini. Usiyoielewa, ipeleke kule ilikotoka, watu wale wana viti vya wageni.

Hela ya kushikiwa ina kiu yake, nami najua kiu hiyo. Huo ndio ukweli, sitakudanganya kwamba hutaitamani.

Basi nenda kafungue duka lako. Mungu akupe wateja, akupe na mkono usiochota kisichokuwa chako. Akujalie uzee ndani ya kibanja chako mwenyewe, na siku yako ikifika, asiwepo mtu wa kuombwa ruhusa ili ulazwe karibu na uliowapenda. Amina.